Antena ya Mjomba Kwenye Kizuizi

Gari la mjomba lilitoka Japani pamoja na redio yake, na redio hiyo ilijua masafa ya Japani tu. Stesheni zetu zote zilianzia pale namba zake zilipoishia. Mjomba aliendesha hivyo kati ya Masisi na Kashebere, akisikiliza mchakacho, na abiria wakamsifu kwamba gari lina redio. Nilipouliza redio isiyoshika stesheni hata moja inaitwaje redio, aliniambia niteremke nitembee.

Alipopata nyingine, alichagua yenye taa za kubadilika rangi. Inasoma USB, inaungana na simu, inamkaribisha dereva kwa maandishi asiyoweza kuyasoma. Fundi wa umeme aliifunga, lakini antena, ile inayopandishwa na mota yake kutoka ubavuni mwa gari, ilibaki imelala ndani ya shimo lake. Redio mpya ilikuwa na waya wa bluu wenye kikaratasi kilichotaja kazi yake. Fundi aliukunja, akauzungushia utepe wa skochi.

“Ile fil ya bleu njo ya antenne,” nilimwambia.

“Haina kazi. Weye ulisomaka nini kule université?”

“Sociologie.”

“Basi enda utengeneze société. Gari, tuachie sisi.”

Waliokuwepo walicheka, mjomba kuliko wote.

Ningeacha hapo, kama si mama. Dada yake mkubwa alikuwa ametoroka karibu na Pinga vita vilipoingia vijijini, na simu zilikuwa zimekatika. Hakuna aliyejua ameelekea wapi. Kwetu mtu wa namna hiyo anatafutwa redioni: kila alasiri stesheni husoma communiqués, matangazo ya nani amefariki, nani amefika wapi, ndugu zake waje. Mama alikuwa na kiredio cha betri, lakini huko milimani kilishika upepo tu. Akamwendea mdogo wake.

“Ule ni dada yako pia. Simamisha antenne.”

Waya wa bluu ukaunganishwa. Kila kitu kikaenda kama kikaratasi kilivyosema: ukifungua redio antena inapanda, ukihamia USB inashuka, maana wimbo ulio ndani ya USB hauhitaji antena. Mjomba hakupendezwa. Alikuwa anasikiliza USB tangu asubuhi, na antena iliyolala haionwi na mtu sokoni.

“Inanifezehesha,” alimwambia fundi. “Mi nataka isimame kila saa.”

Fundi akautoa waya wa antena kwenye ule wa bluu, akausokota na ule unaopata umeme gari likiwashwa. Hakuuliza kwa nini. Mimi niliuliza, nikaambiwa nina wivu.

Tukaondoka kwenda Kashebere, kwa sababu mama alidhani dada yake atatokea njia ile. Muziki ulipigwa hadi vioo vikatetemeka. Kabla ya kufika tukakuta kizuizi, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na vijana wenye bunduki. Wakaamuru mota ya gari izimwe. Antena ikashuka. Wakatazama magunia ya maharagwe, wakasema tupite. Mjomba akawasha, na antena ikapanda mbele ya kifua cha mmoja wao.

Kijana aliruka nyuma. “Eh! Hii ni phonie!”

Phonie ni redio ya kuzungumza na walio mbali. Kuwa nayo mbele ya watu wale ni kuitwa mpelelezi.

“Hapana, kaka, ni radio tu ya muziki,” mjomba akasema.

“Muziki inatoka mu antenne?”

“Hapana, iko mu USB.”

“Sasa antenne inafanya nini?”

Mjomba hakumwambia kwamba ana wivu.

“Shusha, upite.”

Alibonyeza kila kitufe. Taa zikawa nyekundu, kijani, zambarau. Antena ikabaki pale pale.

“Haishukake kama mota ya gari iko inatembea,” alisema kwa sauti ndogo.

“Papa, gari ni yako ao ni ya antenne?”

Wenzake wakacheka. Mjomba akashuka, akaishika antena kwa mikono miwili aivunje. Mama akamfuata, akamshika mkono.

“Utavunja baadaye. Ni saa ya communiqués. Weka radio.”

“Dada, hawa wataniua.”

“Weka radio, wasikie kama ni phonie.”

Akaweka. Sauti ikatoka safi, ya mtu anayesoma kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Marehemu wa kwanza, marehemu wa pili, mbuzi aliyepotea. Yule kijana aliyeruka akainama dirishani.

“Ongeza,” alisema.

Kisha likasomwa jina la mama mkubwa, wa upande wa Pinga: yuko Kashuga, kwenye kambi, ni mzima, anaomba ndugu zake wamfuate.

Mama alitugeukia. “Amesema wapi?”

“Kashuga, Mama,” kijana akajibu. “Amesema Kashuga.”

Kashuga iko upande mwingine kabisa. Mjomba akaanza kumweleza kijana kwamba sasa hapiti tena, kwa hiyo ile shida ya antena, kama wakubwa wataona vema, imekwisha.

“Geuza gari,” mama akasema.

Akageuza. Tulipopita kona ya kwanza mjomba alinyoosha kidole kuelekea kitufe cha USB. Mama alikipiga kofi kidole hicho.