Rangi Yangu Haitokake

Bandugu, mucheke tu, juu kartie yote ilikwisha kucheka. Mi, mutu nilianza na kusukuma bifuko ya mawe ku baiskeli, leo niko na duka ya rangi (masomo? primaire, na sikuimaliza), niliaibishwa na kopo yangu mwenyewe.

Bachimbaji balikuwa bamefikisha mashimo chini ya manyumba, jiko ya jirani ikazama, kampuni ya mugodi ikasema tuhame wote. Agent wa kampuni akapita na brosi, namba nyekundu ku kila ukuta, na nyumba yenye mugonjwa anaongeza MALADE: ile inabebwa na kamyo ya kwanza, inapewa fasi karibu na barabara.

Barabara ni wateja! Nikamuwaza binti yangu Mado, miaka kumi na sita, hatuliake, hesabu anafanya akitembea. Munganga wa Lubumbashi aliita hali yake TDAH (akili kurukaruka, mwili kutotulia), na Mado alishanionya: «Tata, usiseme mi ni mugonjwa. Sema niko TDAH. Njo vile kichwa yangu inatembea.» Nikaona ile neno haiwezi kuvuta kamyo. Nikaambia agent, «Andika, humu muko mugonjwa wa kichwa.» Rangi yake ilikuwa imeisha, nani akaleta kopo? Mi! «Rangi yangu haitokake, hata mvua ya miaka kumi!»

Mado akarudi na barafiki ya masomo. Bakasoma ku ukuta: MALADE. Moja akauliza, «Inaambukizaka?» na bakasogea kando. Mado hakulia. Alisimama tu, yeye asiyesimamaka, na njo ile iliniogopesha.

Nikakimbilia petroli, nikaacha, nikakimbilia mucanga, nikaacha, nikashika kisu, ile neno ikazidi kunenepa, majirani bakaleta biti, bakakaa kutazama.

«Sugua, patron! Si ulisema haitokake?»

Nikakanyaga kopo, nikaanguka, mwekundu kichwa mpaka miguu (na kiatu mupya!). Mama Kapinga wa ng'ambo akapiga makofi: «Mugonjwa njo huyu!»

Agent akarudi. «Nikifuta ku liste, tata, unapoteza barabara.»

Nikamutazama Mado. «Futa.»

«Sasa niandike nini?»

Nikamupa Mado brosi. Akaandika ku ukuta MADO, TDA, akakumbuka kitu ingine, akaenda. Herufi ya mwisho ilikuja jioni.

Leo, kule tulihamia, duka yangu iko nyuma kabisa, mbali na barabara, wateja banaitafuta. Na mutu akiniuliza Mado eko nini, simujibuke tena: namuita mwenyewe. Akichelewa, tunamungoja.