Gunia la Mama

Leo, baada ya kumzika Mama, nimeinua gunia kuukuu ghalani, na harufu ya ukungu ikanirudisha utotoni.

Siku ile mpelelezi mzee alikuwa amekuja tena. Alishastaafu, lakini vifo vya majirani wetu watatu, mume, mke na mtoto, havikumwachilia. Kijiji kilisema ni uchawi. Yeye alitafuta muuaji.

"Nani alikosana nao?"

"Mzee, si umeuliza hiyo mara kumi?" Mama alisema. "Kunywa chai kwanza."

Mzee akanigeukia. "Na wewe, walikuwa wanakula nini?"

Nilijibu kwa fahari, "Hawakuwa na kitu. Mama aliwapa mahindi ya gunia hilo. Yalikuwa yamenyeshewa, akaosha ukungu, akayatwanga kuondoa maganda, akawapikia muthokoi. Sisi tulikula ndengu."

Mzee alitia mkono guniani, akanusa, akaketi chini ghafla.

"Mama, mahindi ya ukungu ni sumu. Hata ukiosha."

"Lakini niliyaosha," Mama alisema. "Niliyaosha mara tatu."

Mzee hakurudi tena. Mama naye hakumpa jirani yeyote chakula tena, hata chumvi.

Leo kaburini nimesikia wanawake wakinong'ona kwamba alikuwa mchoyo. Nimelirudisha gunia mahali pake.