Kambare kwenye bwawa la mama

Baba yangu alikuwa fundi wa kuvua kwa ndoana, na najivunia hilo mpaka leo. Miaka ile ya hamsini alikuwa akichukua vitoto vya kambare mto Zigi, akivibeba vikiwa hai ndani ya debe la maji hadi mlangoni mwa mto, viwe chambo. Sheria yake ilikuwa moja: chambo kilichobaki hakimwagwi kwenye maji mengine. Kinafukiwa chini ya mnazi.

Uani kwetu mama alikuwa na bwawa la perege. Kitoweo chetu kilitoka humo siku ambazo baba alirudi mikono mitupu.

Siku moja baba alimpa kaka yangu debe lenye vitoto vilivyobaki, akavifukie. Kaka alikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu na mke, lakini moyo wake laini kama mkate wa kumimina. Akavimwaga bwawani.

"Vilikuwa vinapumua, baba," alisema. "Nitafukiaje kitu kilicho hai?"

"Haya. Wageni umewakaribisha wewe. Utaona watakula nini."

Mvua za mwaka uliofuata mama alitega dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, akatoa kambare mnene kama mkono wa kuli. Perege hakupata hata mmoja. Tulijaribu kuwamaliza kambare, wakajichimbia topeni.

Huruma ya kaka ilikuwa ya kweli, ndiyo maana hatukuweza hata kumgombeza. Alimletea mama perege wa kununua sokoni Ngamiani mpaka mama alipofariki. Mama alishukuru kila mara, akawakaanga, akatupakulia sisi. Yeye alikula ugali kwa mchicha; perege asiyetoka bwawani mwake hakumwonja.