Maji ya Bomba na Maji ya Ziwa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ziwa lilipofika kwenye kizingiti cha nyumba yangu ya Pasiansi. Ulikuwa mwaka wa uhuru, mvua haikatiki. Nilikuwa kijana, fundi baiskeli, nina nyumba ya matofali na kiburi cha kuwa na bima.

Bima aliniuzia Idrisa, wakala. Simfichi jina. Nilimuuliza, "Na maji je?" Akajibu, "Maji yamo, kaka. Weka dole gumba hapa." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mwalimu wa shule alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, angenisomea. Niliona haya ajue sijui kusoma. Kuuliza si ujinga, wazee walishasema, mimi nikajifanya mjuzi.

Maji yalipokaribia, jirani yangu Magesa alikuwa juu ya paa lake anaezua mabati, milango keshaing'oa. Mke wangu akasema, "Baba Kulwa, na sisi tuezue. Tupeleke kwa kaka yangu kule Usagara, mbali na ziwa."

"Ya nini? Bima italipa."

Magesa akacheka huko juu. "Fundi, iambie basi hiyo bima ije ishike ukuta!"

Siku ya tatu ukuta wa nyuma ulilala, paa lote likafuata. Mabati yalijikunja, hata la kuezekea banda la kuku sikupata.

Ndipo akaja mkaguzi wa bima, Idrisa nyuma yake. Akauliza maji yalitoka wapi. Nikamwonyesha ziwa, wapi tena?

"Bomba likipasuka ndani, tunalipa," akasema. "Tufani ikiezua paa mvua ikaingia, tunalipa. Maji yanayopanda kutoka ziwani hayamo. Imeandikwa ukurasa wa pili."

"Idrisa, si uliniambia maji yamo?"

"Yamo, kaka. Ya bomba." Wala hakunitazama usoni.

Magesa alijenga upya mtaa wa Mabatini, akaezeka kwa mabati yaleyale. Mimi nilipanga chumba miaka sita, na mama Kulwa hajanisamehe mpaka leo. Idrisa alinidanganya, lakini aliyekataa kupanda paani ni mimi.

Basi mwanangu, ukikata bima ya nyumba usiulize kama maji yamo. Uliza maji ya wapi: ya bomba, ya mvua, ya mto, ya ziwa. Ukurasa wa yasiyolipwa usomewe kwanza, tena na mtu asiyekuuzia kitu. Na hata ukiwa nayo, maji yakija okoa unachoweza. Bima hailipi uzembe.

Mungu akupe nyumba kavu, na jirani wa kukushikia ngazi.