Mwiko Usiorudi Sandukuni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchimba chochote. Nilitoka mtaani kwetu Chumbageni alfajiri, nikapanda lori pamoja na majembe, ndoo na makarai, tukateremshwa kwenye magofu yaliyo kusini mwa mji, upande wa barabara ya Pangani. Palikuwa na msikiti uliokwisha kuanguka paa, na makaburi ya mawe yaliyomezwa na vichaka. Bwana Mkaguzi, Mwingereza aliyesimamia uchimbaji, alinipa mwiko wa mwashi, akaniambia nikae nitazame wengine mpaka jioni.

“Kazi hii haitaki nguvu,” alisema. “Mtu mwenye nguvu ataniharibia.”

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Vijana wanaoniuliza leo hudhani tulikuwa tukitafuta dhahabu. Tulikuwa tukikwangua udongo. Ardhi iligawanywa kwa kamba katika miraba, kila mtu na mraba wake, tukateremka tabaka kwa tabaka, maana udongo wa juu ni wa juzi na wa chini ni wa watu wa kale. Kati ya mraba na mraba tuliacha ukuta wa udongo bila kuuchimba, ili tabaka zionekane ubavuni mwake kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Wazungu waliuita kwa jina lao. Sisi tuliuita kiambaza. Udongo uliotoka ulipitishwa kwenye chekeche, na vigae vilivyobaki juu vikaoshwa.

Kazi yenyewe niliipenda tangu wiki ile. Kilichonikosesha raha ni jioni.

Kila jioni tulipanga mstari mbele ya sanduku la mbao. Bwana Mkaguzi aliipima kwa macho kazi iliyobaki, kisha akasema na kila mtu neno moja. Aliyeambiwa “nenda nao” alirudi nyumbani na mwiko wake. Kesho ana kazi. Aliyeambiwa “weka” aliutia sandukuni, na kuanzia hapo hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Tulilipwa kwa kutwa. Mvua ikinyesha, hakuna kutwa. Ukiugua, hakuna kutwa. Niliwaona watu wazima wakianza kutazama sanduku tangu adhuhuri, mikono ikiendelea kukwangua.

Petro, aliyetoka bara na kupitia mashamba ya mkonge, alikuwa akilinganisha. “Kule nilikuwa na kipande, kadi ya siku zangu. Nilikuwa na posho ya unga, nikiumwa naenda zahanati ya shamba. Hapa nina mwiko tu, na wenyewe wa kuazima.”

“Basi rudi ukakate mkonge,” alimjibu Hemedi, mwenyeji wa kijiji cha jirani, ambaye mraba wake ulipakana na wa Petro. “Na hapo taratibu! Ukivunja bakuli la wazee wetu utalilipa kwa ng’ombe wa babu yako.”

“Wazee wenu wenyewe ndio waliolivunja. Mimi naokota tu.”

Nilijifunza kusoma ramani na kuchora tabaka peke yangu, kwa kutazama karatasi za Bwana Mkaguzi alipozianika juani. Msimu wa pili akanifanya mnyapara. Sasa mimi ndiye niliyesimama kando ya sanduku kupokea miko.

Msimu ule wa pili ulikuwa wa haraka. Ndani ya msikiti tulikuwa tumefikia sakafu ya chokaa, laini kama sahani, nayo ilipaswa kuchorwa kabla mvua hazijaiharibu. Ili tuione yote, Bwana Mkaguzi aliagiza kiambaza cha upande wa Hemedi kipunguzwe unene. Mchanga wetu wa pwani haushiki. Manyunyu ya asubuhi moja yalitosha: baada ya adhuhuri kiambaza kilianguka chote, Hemedi akiwa amechuchumaa chini yake, na jiwe lililokuwa limefichika humo likamvunja mguu.

Tulimfukua kwa mikono. Tulipompakia kwenye lori kwenda hospitali ya mjini, bado alikuwa ameushika mwiko. Nilijaribu kuutoa, akakaza vidole. Nikamwachia.

Jumamosi, siku ya malipo, mkewe alikuja. Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke mfupi, asiyepandisha sauti. Alingoja mpaka sote tumepanga mstari, kisha akasimama mbele ya meza.

“Nimekuja kuchukua ujira wa mume wangu.”

“Mama, siku alizofanya kazi atalipwa,” alisema Bwana Mkaguzi. “Nasikitika sana. Lakini yeye ni kibarua. Sasa hayuko kazini.”

“Yuko kazini.”

“Yuko hospitali.”

Bi Mwanaidi akafungua pindo la kanga, akatoa mwiko. “Huu hapa. Ulimwambia auweke? Mimi sikusikia, naye hakusikia. Hawa walisikia?”

Petro akasema kutoka nyuma, “Mimi sikusikia, Bwana. Na masikio yangu unayajua, yanasikia filimbi ya chakula kabla hujaipuliza.”

Watu wakacheka. Bwana Mkaguzi hakucheka. Alinigeukia. “Mnyapara, chukua mwiko huo.”

Nilikwenda hadi mbele ya Bi Mwanaidi. Hakuuficha, alininyooshea.

“Chukua, shemeji. Lakini useme kwa sauti, wote wasikie, kwamba mume wangu ameachishwa kazi kwa kuvunjika mguu ndani ya shimo lenu.”

Mwiko sikuugusa. Nikarudi mikono mitupu. “Bwana,” nilisema, “mwiko huu haukuitwa sandukuni.”

“Basi weka wako.”

Niliuweka. Petro akatoka kwenye mstari, akauweka wake juu ya wangu. Akafuata mwingine, na mwingine. Ulisikika mlio wa chuma tu. Upande wa bahari wingu lilikuwa limeshika, na sakafu ya msikiti ilikuwa wazi, nusu yake haijachorwa. Bwana Mkaguzi alitazama sanduku, kisha akalitazama lile wingu.

“Nusu ya ujira,” alisema hatimaye, “mpaka atembee. Na dawa.”

“Na mwingine akiumia?” aliuliza Bi Mwanaidi.

“Mwingine akiumia, tutazungumza.”

Tulichukua miko yetu, tukakimbia kuifunika sakafu kwa maturubai. Hemedi alilipwa ile nusu. Alirudi akichechemea, akawekwa kwenye chekeche, na msimu ulipofungwa mwiko wake ukaingia sandukuni pamoja na ya wengine. Mimi peke yangu nilipewa ajira ya kudumu katika idara ya mambo ya kale, kwa sababu ya kuchora.

Nilihamishiwa Pangani, kisha visiwani, kisha kwenye ghala la vigae. Lile neno “tutazungumza” nilihama nalo. Kila mkuu mpya nilimuuliza swali la Bi Mwanaidi. Mkaguzi wa pili alisema ataandika makao makuu. Mkuu wa kwanza Mwafrika, mtu mwema, alisema nina haki, lakini fungu la fedha za jambo hilo halipo. Aliyemfuata aliniuliza kwa nini jambo hili linanihangaisha, ilhali mimi si kibarua.

Nilipostaafu nilipewa kiinua mgongo na pensheni. Nilikwenda kwa Hemedi kumpa habari.

“Hongera,” alisema, akinyoosha ule mguu. “Sasa unalipwa kwa kukaa. Mimi nilianza kukaa kabla yako, wala hawajaniletea kitu.”

Alicheka, na mkewe akacheka. Mimi nilimaliza chai yangu nikaondoka mapema.

Hivi karibuni nilisikia kuna wachimbaji wa mambo ya kale pwani ya Ushongo, nikaenda kuwatazama. Miraba yao imenyooka, kamba zao ni za nailoni. Kiambaza kimoja kilikuwa chembamba mno. Nilimwonyesha msimamizi, kijana mwenye adabu, akaniahidi kukitazama. Jioni ikafika. Watu wakapanga mstari mbele ya ndoo ya plastiki.

“Hawa wakiumia inakuwaje?” nilimuuliza.

“Mzee wangu, hawa ni wa muda tu.”

Aliyekuwa mbele kwenye mstari alikuwa mama mmoja wa kijijini, mikono imejaa vumbi. Aliambiwa aweke. Alikuwa ameshauinua mwiko juu ya ndoo.

“Mama,” nilimwambia, “usiuweke kwanza. Muulize mtu akivunjika mguu humo shimoni nani atamlipa.”

Alinitazama, kisha akamtazama msimamizi, mwiko bado uko juu. “Nani?” aliuliza.

Mstari wote ukasimama. Yule kijana akalitazama shimo lililokuwa wazi, kisha akainua macho, akaanza kutazama mawingu.