Mwisho Uliokatwa na Kaseti

Jumamosi asubuhi. Fundi wa kunyoosha bodi za magari amepiga magoti mbele ya madigadi ya teksi, nyundo mkononi, pamba masikioni. Mwenye teksi anamwita mara ya kwanza, anamwita tena, kisha anamtupia tambara begani.

"Fundi! Itakuwa tayari lini?"

"Salama kabisa, kaka," anajibu fundi, na kuendelea kugonga.

Hapa gereji wanamwita Nyundo. Jukwaani pia ni Nyundo, kwa sababu anapiga dramu vilevile anavyopiga mabati, na wapo wanaodai mabati hulia vizuri zaidi.

Bendi yake, Kutu, ina wanaume wanne wenye kazi nyingine na nywele chache. Kila mwaka hukodi ukumbi nyuma ya duka la matairi na kupiga albamu moja ya zamani ya roki, nyimbo zote kwa mpangilio wake, kwa heshima ya bendi iliyoirekodi. Bendi hiyo iko mbali sana na haijui kwamba inaheshimiwa.

Onyesho la leo jioni ndilo la mwisho kwa Nyundo. Daktari wa masikio amemtaka achague: gereji au dramu. Sikio la kulia limekufa. La kushoto linaaga.

"Nina watoto watatu," anasema. "Nikichagua dramu, watakula vijiti?"

Kutu waliijua albamu hiyo kupitia kaseti iliyorekodiwa na kaka wa mwimbaji wao. Mwimbaji huyo kwa kazi ni kinyozi. Utepe uliisha kabla ya wimbo wa mwisho kuisha. Wimbo unakatika ghafla, kisha mashine inasema: tak.

Wakati huo wakiwa bado vijana, kwa unyenyekevu mkubwa, waliamini kwamba hiyo tak ni sehemu ya wimbo.

"Tulibishana wiki nzima itapigwaje," anakumbuka kinyozi. "Mwishowe Nyundo akaigonga ukingoni mwa dramu. Tukakumbatiana. Wajinga wanne!"

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, ukumbi mzima hungoja mahali hapo na kupaza sauti: "Tak!" Kisha watu huenda nyumbani.

Mwezi uliopita mpiga besi, mwalimu wa hesabu, aliupata wimbo kamili kwenye simu. Hakuna tak. Pale kaseti ilipokatika, magitaa yananyamaza na dramu inabaki peke yake, dakika mbili nzima, hadi mwisho wa albamu.

Nyundo alibandika simu kwenye sikio la kushoto.

"Nilisikia kama mtu anakaanga kitu nyumba ya jirani," anasema. "Miaka yote hiyo kipande changu kilikuwepo. Kimenifikia sikio limeshafunga duka."

Aliyemfundisha kipande hicho ni mkewe, mshonaji. Aliusikiliza wimbo akiwa kwenye cherehani hadi akaushika, kisha akawa anaugonga kwa viganja mgongoni mwa mumewe.

"Roki naichukia tangu uchumba," anasema. "Ila huyu baba akishindwa atanuna hadi tuzeeke. Bora nimgonge."

Jioni, ukumbini wamekuja ndugu, mafundi wenzake, mashabiki wa siku zote na wapita njia wawili waliokimbia mvua. Kutu wanapiga wimbo baada ya wimbo. Wa mwisho unafika mahali pake. Magitaa yananyamaza. Nyundo anafumba macho na kuingia kwenye kipande ambacho hajawahi kukipiga mbele ya watu.

"Tak!" ukumbi unapaza sauti, kwa uaminifu.

Makofi, miluzi. Kisha watu wanainuka na kutafuta miavuli. Kinyozi anawapungia mikono wakae. Wanadhani anawaaga, nao wanampungia.

Nyundo hasikii. Anapiga. Mlinzi wa ukumbi anaanza kupanga viti juu ya viti. Mstari wa mbele amebaki mkewe, anagonga goti lake kumwonyesha njia, lakini mumewe amefumba macho. Katikati ya kipande anapotea. Anarudi mwanzo, anapotea tena. Vijiti vinashuka.

Anafumbua macho, anatazama viti.

"Walipiga makofi?"

"Walipiga," anasema mkewe, polepole, ili amsome midomo.

Jumatatu dramu ziko nje ya gereji, zimeandikwa kwa chaki: ZINAUZWA. Nyundo anasema amebakiwa na mpango mmoja tu.

"Nikipige kile kipande hadi mwisho, angalau mara moja, nikiwa bado nasikia kitu. Hata kama ni kwenye bati."

Anarudi kwenye madigadi ya teksi. Nyundo inagonga, inapumzika, inagonga mara mbili. Mwenye teksi, ambaye bado anasubiri jibu la Jumamosi, anainama kutazama na kushtuka.

"Fundi, hapo pamenyooka! Basi! Inatosha!"

Bati linaanza kubonyea upya. Fundi amefumba macho.