Eda Yangu na Eda ya Binti Yake

Uvumilivu wangu uliisha nikiwa nimeshika miguu ya mtoto wangu kwenye mizani ya kliniki, Kajiado, nilikompeleka kuchanjwa. Muuguzi aliinua uso, nikamjua: binti ya ustadhi wetu wa Kitengela. Mume wake alizikwa mwezi mmoja baada ya wangu.

"Dada, si uko kwa eda?" nikamuuliza.

"Niko."

"Na uko kazini?"

"Baba alisema haina shida. Mchana natafuta riziki, jioni narudi kulala kwangu. Kwani wewe alikuambia nini?"

Mimi aliniambia nikae ndani miezi minne na siku kumi, nisitoke ila kwa ugonjwa ama chanjo ya mtoto. Nilikuwa napakia nyanya za Kimana kwenye ghala moja Kitengela, na msimamizi alikuwa amenipa wiki mbili za kuomboleza. Nilimpigia ustadhi simu mara tatu, nikamweleza mtoto ana miezi saba na hana mwingine wa kumlisha. "Fuata kama tulivyopokea," akasema. "Usianze kutafuta njia ya mkato." Wiki mbili zikaisha, nafasi yangu ikapewa mtu mwingine.

Nilimtii kwa sababu ni yeye aliyenisilimisha. Kwetu ni Wakristo wa magharibi mwa Kenya, Kiarabu sijui. Mama yangu aliponicheka kwa simu, "Sasa umefungiwa kama kuku wa mayai?", nilimkatia. Na ni huyo huyo ustadhi, kila Jumamosi kwenye darsa la wanawake, aliyetufundisha kwamba taklidi, kumfuata mtu bila kuuliza dalili, yaani ushahidi wa Qurani na hadithi, ni ugonjwa. Ijtihadi ndiyo aliisifu: mwanachuoni akae na dalili, aangalie hali ya watu, atumie akili. "Msiwe kondoo wa kufuata kengele," alituambia. Nikaandika kwa daftari. Mjinga mimi.

Kutoka Kajiado sikupitia nyumbani. Nilimkuta kwenye baraza ya msikiti na wazee wawili.

"Ustadhi, dalili ya kunifungia ndani iko wapi?"

"Mama, wewe umesilimu juzi. Mtu wa kawaida hufuata."

"Na binti yako?"

Akakohoa. "Yule niliangalia hali yake."

"Yangu mbona hukuangalia?"

Mzee mmoja akacheka. "Ameishia kidato cha nne, na tayari ni mufti!"

"Mzee, sitaki umufti. Nataka kuwa ghalani saa moja asubuhi."

Ustadhi akavaa viatu vyake, akasema amechelewa darsa.

Kesho yake nilipeleka barua kwa kamati ya msikiti. Katibu alitaka tuyamalize kwa chai. Nikamwambia aipige barua muhuri wa kupokelewa kwanza. Niliandika hivi:

"Ninamlalamikia ustadhi wetu. Alinipa hukumu moja ya eda, akampa binti yake nyingine, na sote ni wajane wenye kazi ya mchana. Kama aliyompa binti yake ni ijtihadi, aandike kwa nini mimi alininyima. Kama yangu ni taklidi, aseme alimfuata nani, na kwa nini hakumfuata kwa mtoto wake. Asimame mbele ya wanawake wa Jumamosi awaambie mjane anaweza kutoka mchana kufanya kazi. Halafu aende na mmoja wenu kwa msimamizi wa ghala, aeleze kwamba sikutoroka kazi, ni yeye alinizuia. Nimebakisha miezi miwili ya eda. Jibu nitalingoja nikiwa nje, mchana, natafuta kazi."